Kuandaa faili la maombi ya leseni ya kituo cha televisheni ya kidijitali, hatua kwa hatua

Faili la kwanza kurudishwa mikononi mwangu halikuwa na kosa ambalo ungeliona kwa haraka. Ada ilikuwa imelipwa, mihuri ipo, viapo vimeshuhudiwa na wakili. Fomu ya kiufundi ilisema mnara una urefu wa mita 92. Barua ya mamlaka ya usafiri wa anga, iliyokuwa ndani ya faili hilohilo, ilisema mita 96. Namba zote mbili zilikuwa za kweli: fundi wetu alipima chuma cha mnara, na watu wa anga wakahesabu hadi ncha ya fimbo ya radi. Ofisa aliyesoma faili hakuwa na namna ya kulijua hilo, na si kazi yake kukisia. Tulipoteza miezi minne.

Nimekagua maombi mengi tangu siku hiyo, na ugonjwa ni uleule. Kituo kimepangwa vizuri, fedha zipo, vifaa vimechaguliwa na watu wanaojua kazi, ila karatasi zinabishana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kuzunguka jambo hilo: namna ya kufanya kila karatasi ndani ya faili iseme neno moja. Majina ya fomu hubadilika kutoka nchi hadi nchi, na ada vilevile. Maswali yanayoulizwa hayapishani sana, kwa kuwa mawimbi ni yaleyale na hofu za wadhibiti ni zilezile: usimwingilie jirani, usiangushe ndege, usifiche mwenye mali, usikiache kituo kizimike baada ya miezi mitatu.

Hatua ya kwanza: jua unaomba leseni ya kitu gani

Zamani za analojia swali hili halikuwapo. Kituo kimoja, chaneli moja, mnara mmoja, leseni moja. Dijitali ilivunja mpango huo. Siku hizi chaneli moja ya masafa hubeba vituo vingi vilivyofungwa pamoja katika mkondo mmoja wa data unaoitwa multipleksi. Kwa teknolojia ya DVB-T2, inayotumika katika nchi nyingi za Afrika, chaneli yenye upana wa megahezi 8 inaweza kubeba hadi megabiti 40 hivi kwa sekunde. Kwa ATSC ya kwanza, ile ya Marekani, chaneli ya megahezi 6 hubeba megabiti 19.39. Kituo chenye picha ya kiwango cha kawaida kilichobanwa kwa MPEG-4 (njia ya kupunguza ukubwa wa data ya picha) kinatosheka na megabiti 2 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini si busara kumpa kila mwenye kituo chaneli yake.

Ndiyo maana nchi nyingi zimetenganisha kazi mbili. Yupo anayeandaa maudhui, na yupo anayeyarusha hewani. Tanzania na Kenya zilichukua njia hii wakati wa kuhamia dijitali: kituo kinapewa leseni ya maudhui, na mawimbi yanarushwa na kampuni yenye leseni ya kusambaza. Kenya ikaongeza na aina ya wasambazaji wanaojirushia matangazo yao wenyewe. Marekani imebaki na mfumo ambao kituo kinapewa leseni ya chaneli nzima, na mwenye chaneli ndiye anayeamua apakie vituo vidogo vingapi ndani yake.

Kabla ya kujaza chochote, andika sentensi moja inayosema unachoomba: maudhui peke yake, usambazaji peke yake, au vyote viwili. Iandike pia itakuwa ya eneo gani (nchi nzima, mkoa, jamii moja) na ya namna gani (ya kutazamwa bure au ya kulipia). Nimeona waombaji wakichukua fomu ya usambazaji kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya rundo, wakatumia wiki nzima kutafuta vipimo vya mnara ambao hawakuwa na haja ya kuujenga.

Ukiomba maudhui peke yake, kazi kubwa ya kiufundi inamwangukia msambazaji wako. Wewe utahitaji barua au mkataba wake. Barua ya maneno matupu, "tutashirikiana na kampuni hii", haitoshi. Iseme umetengewa megabiti ngapi, kwenye vituo gani vya kurushia, kuanzia lini na kwa muda gani, na nani atagharimia kufikisha picha kutoka studio hadi kwenye mtambo wake. Muda wa mkataba usiwe mfupi kuliko muda wa leseni unayoiomba bila kifungu cha kuurefusha. Ofisa atauliza: mkataba ukiisha mwaka wa pili, watazamaji watakipataje kituo?

Hatua ya pili: kampuni na wenye kampuni

Hapa ni pepesi kwa kusema, si kwa kufanya. Utahitaji cheti cha usajili, katiba ya kampuni, namba ya mlipakodi, uthibitisho kwamba kodi haidaiwi, na orodha ya wakurugenzi na wanahisa. Hakikisha katiba ya kampuni inaitaja kazi ya utangazaji katika malengo yake. Kampuni iliyosajiliwa kuuza vifaa vya ujenzi inaweza kuomba leseni ya televisheni, lakini ibadilishe katiba kwanza.

Umiliki ndio unaofukuliwa kwa undani. Mdhibiti anataka kumfikia binadamu. Ukisema hisa 40 kwa mia ni za kampuni fulani, ataitaka orodha ya wanahisa wa kampuni hiyo, na wa kampuni inayoimiliki, mpaka afike kwenye majina ya watu. Chora mti wa umiliki kwenye ukurasa mmoja, kila tawi na asilimia yake, na uhakikishe kila ngazi inajumlisha 100. Nchi nyingi huweka ukomo wa hisa za wageni, na ukomo wa mtu mmoja kumiliki vyombo vingi vya habari katika eneo moja. Ikiwa mwanahisa wako ana hisa kwenye redio au gazeti, liseme wewe kabla hujaulizwa. Jambo lililotajwa na mwombaji mwenyewe hujadiliwa kwa utulivu. Likigunduliwa na mdhibiti, kila ukurasa uliobaki utasomwa kwa shaka.

Jina la kampuni liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti. "Limited" ikiwa imeandikwa kwa kirefu kwenye cheti, usiifupishe kwenye fomu.

Hatua ya tatu: tengeneza karatasi mama

Hii ndiyo hatua ambayo ningeomba uipe muda kuliko nyingine zote, na haimo kwenye fomu ya nchi yoyote. Kabla ya kugusa fomu, tengeneza ukurasa mmoja au miwili yenye kila ukweli utakaojirudia kwenye faili. Mimi huuita karatasi mama. Kila fomu, kila barua, kila mchoro hunakili kutoka hapo. Hakuna mtu kwenye timu, hata mhandisi mkuu, anayeruhusiwa kuandika namba kutoka kichwani.

Ndani yake weka jina kamili la mwombaji na namba zake za usajili, anwani, na jina la mtu mmoja atakayejibu maswali. Kisha kila kituo cha kurushia kipewe safu yake: jina la eneo, latitudo na longitudo, mwinuko wa ardhi kutoka usawa wa bahari, urefu wa mnara hadi ncha ya juu kabisa pamoja na fimbo ya radi na taa, urefu wa katikati ya antena kutoka ardhini, chaneli, nguvu ya transmita, upotevu wa kebo na vichujio, ongezeko la antena, nguvu inayotoka, na mkao wa mawimbi, yaani yamelala au yamesimama. Kila namba iandikiwe kipimo chake na chanzo chake: nani alipima, kwa chombo gani, tarehe gani.

Angalia jinsi nilivyotenganisha urefu. Upo urefu wa mnara, upo urefu wa antena juu ya mnara, upo mwinuko wa ardhi. Fomu tofauti huuliza urefu tofauti, na neno "urefu" likiachwa peke yake litakutia matatani kama lilivyonitia mimi. Kwenye karatasi mama kila urefu uwe na jina lake kamili, hata kama sentensi inakuwa ndefu.

Viwianishi vya ramani navyo vinaomba uangalifu. Andika vyote kwa mfumo wa WGS 84, ambao ndio wa GPS. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na nukta ileile ikisomwa kwa mfumo usio wake inasogea mamia ya mita. Kosa jingine, la kawaida zaidi, ni kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.50 kwa desimali. Mtu akiandika 6.30 amesogeza mnara wako kilomita 22 hivi, labda hadi katikati ya ziwa. Chapisha nukta juu ya picha ya satelaiti, itazame kwa macho, na uiambatishe kwenye faili.

Hatua ya nne: masafa na hesabu za mawimbi

Kama unaomba usambazaji, huu ndio moyo wa faili. Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati zinaongozwa na mkataba wa GE06, uliofikiwa Geneva tarehe 16 Juni 2006 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU. Mkataba huo ulipanga masafa ya utangazaji wa kidijitali kati ya megahezi 174 na 230, na kati ya 470 na 862, na ukaweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia kwenye masafa ya juu. Tangu wakati huo mikutano ya dunia ya redio imefungulia simu za mkononi sehemu ya juu ya masafa hayo, hivyo televisheni katika ukanda wetu imebanwa zaidi chini ya megahezi 694. Ukikuta kwenye kabati mpango wa zamani unaopendekeza chaneli ya 55, usiunakili.

Kuna hesabu ndogo ya kukagua chaneli kwenye mpangilio wa megahezi 8: zidisha namba ya chaneli kwa 8, ongeza 306, unapata katikati ya chaneli. Chaneli ya 21 ni megahezi 474. Chaneli ya 48 ni megahezi 690, na ukingo wake wa juu ndio hiyo 694. Fomu ikisema chaneli 30 na megahezi 538, kuna aliyekosea, kwa kuwa 30 ni 546.

Sasa nguvu. Fomu nyingi hutaka nguvu inayotoka kwenye antena, si ile iliyoandikwa kwenye kibati cha transmita. Tuchukue mfano. Transmita ni ya kilowati 1, sawa na desibeli 30 juu ya wati moja (desibeli hupima nguvu kwa kulinganisha: kila 10 ni mara kumi). Kichujio kinakula desibeli 1, kebo ya kupanda mnarani inakula 2. Zinabaki 27. Antena inaongeza desibeli 11 ikilinganishwa na dipoli, antena rahisi ya fimbo mbili. Jumla 38, ambayo ni kilowati 6.3. Namba hiyo ndiyo ERP, nguvu inayotoka kwa kipimo cha dipoli.

Mtego uko kwenye antena. Wapo watengenezaji wanaotaja ongezeko kwa kulinganisha na dipoli, na wapo wanaolinganisha na antena ya kufikirika inayorusha sawasawa pande zote. Tofauti yake ni desibeli 2.15. Antena yetu ya 11 kwa mtengenezaji wa pili ingeandikwa 13.15. Fundi akiichukua hiyo na kuiita ERP, kilowati 6.3 zinageuka 10.4, na mdhibiti anaona kituo kinachoomba nguvu zaidi ya kile kilichochorwa kwenye ramani ya usikivu. Uliza mtengenezaji kwa maandishi, kisha bandika jibu lake nyuma ya karatasi mama.

Mchoro wa antena haukwepeki. Kwa GE06, kupungua kwa mawimbi kila upande hutajwa kwa pande 36, kila nyuzi 10 kuzunguka dira, kuanzia kaskazini halisi. Kaskazini ya dira ya mkononi si kaskazini halisi, rekebisha. Kwa pande hizohizo 36 unatoa pia urefu wa antena juu ya wastani wa ardhi iliyo kati ya kilomita 3 na 15 kutoka mnarani. Programu za kupanga mawimbi hufanya kazi hii kwa dakika chache kwa kutumia ramani ya vilima, lakini programu haijui kama umeiwekea urefu wa mnara au wa antena. Wewe ndiye unayejua. Mwambie mtu wa pili ambaye hakuendesha programu alinganishe kila alichoingiza mwenzake na karatasi mama, namba moja moja, kwa sauti. Inachosha, na imeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Uchambuzi wa mwingiliano unafuata. Unaonyesha vituo vingine vilivyo kwenye chaneli ileile na chaneli za jirani, na unathibitisha kwamba watazamaji wao hawatapoteza picha. ITU ina njia zake za kukadiria, P.1546 na P.1812, na wadhibiti wengi huzikubali. Taja njia uliyotumia, ramani ya ardhi, na asilimia za muda na za maeneo ambayo makadirio yako yanashikilia. Ramani ya rangi bila maelezo hayo ni pambo tu. Utaulizwa pia kichujio chako ni cha aina gani, cha kawaida au kikali, kwa sababu mawimbi yanayomwagika nje ya chaneli yanamgusa jirani.

Kama unajenga mtandao wa minara kadhaa kwenye masafa yaleyale, usidhani kwamba masafa mamoja yana maana ya fomu moja. Kila mnara una viwianishi vyake, antena yake na muda wake wa kuchelewesha mawimbi ili yaafikiane na ya minara mingine, na kila mmoja unajaziwa safu yake.

Mnara ukiwa karibu na mpaka, lazima nchi jirani ikubali. Wewe huandiki barua kwa jirani wala Geneva. Mamlaka ya nchi yako ndiyo inayozungumza na wenzao, na ndiyo inayoipelekea ITU taarifa, zinazochapishwa kwenye waraka wake wa kila wiki mbili. Kazi yako ni kuipa mamlaka data safi. Kosa dogo hapa linasafiri mbali, na kulirudisha nyumbani kunachukua muda ambao huwezi kuununua.

Hatua ya tano: mnara, ndege na majirani

Anza na watu wa anga, kabla ya vibali vingine vyote vya mnara. Wao ndio wanaoweza kukuambia upunguze urefu, na urefu ukipungua kila hesabu ya hatua ya nne inarudiwa. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye kiambatisho namba 14, ndizo msingi wa rangi na taa za minara. Kila nchi ina kiwango chake cha kuanza kutoa taarifa. Marekani, kwa mfano, mnara unaozidi futi 200 kutoka ardhini lazima utolewe taarifa kwa mamlaka ya anga angalau siku 45 kabla ya ujenzi. Peleka urefu hadi ncha ya juu kabisa. Ile mita 96 ya kisa changu.

Kwenye ardhi, ofisa ataangalia majina. Hati ikiwa ya mtu binafsi na mwombaji ni kampuni, weka mkataba wa upangishaji uliosajiliwa, hata kama mwenye hati ndiye mkurugenzi mkuu. Unapopanga nafasi kwenye mnara wa mwingine, omba barua inayotaja mita ambayo antena yako itakaa na cheti cha mhandisi kwamba mnara unabeba uzito huo pamoja na upepo wake.

Majirani watauliza juu ya mionzi, na wana haki ya kujibiwa kwa namba. Miongozo ya ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ambayo nchi nyingi huitumia, inaweka ukomo kwa umma kwenye megahezi 600 kuwa wati 3 kwa mita ya mraba. Kwa kituo cha mfano wetu, nguvu ikihesabiwa kwa kulinganisha na ile antena ya kufikirika ya pande zote ni kilowati 10.4, na ukomo huo unafikiwa mita 17 hivi mbele ya antena, ndani ya miali yenyewe, huko juu mnarani. Anayesimama chini ya mnara wa mita 92 yuko mbali sana na hapo. Fundi anayepanda hayuko mbali, na ndiyo maana faili liwe na utaratibu wa kuzima au kupunguza nguvu kabla mtu hajapanda. Weka hesabu yote, si hitimisho peke yake. Nimehudhuria mikutano ya kijiji ambapo ukurasa huo mmoja, uliosomwa polepole kwa Kiswahili, ulituliza watu kuliko mihuri yote.

Tathmini ya mazingira inategemea nchi na mahali. Hifadhi, chanzo cha maji, njia ya ndege wahamao: ukigusa kimojawapo, ianze mapema.

Hatua ya sita: maudhui na fedha

Ratiba ya vipindi ya wiki nzima ndiyo wanayoisoma kwanza. Usijaze "vipindi mbalimbali". Taja kipindi, muda, lugha, kimetengenezwa wapi na kinalenga nani, halafu jumlisha saa za vipindi vya ndani ili asilimia uliyoahidi kwenye fomu ilingane na ratiba. Asilimia na ratiba zisipokubaliana, ofisa ataamini ratiba. Eleza namna utakavyowalinda watoto, namna ya kupokea malalamiko, na nani anaidhinisha habari kabla hazijaruka. Usiahidi usichoweza kukitimiza, maana ahadi zilizomo kwenye maombi mara nyingi hugeuka kuwa masharti ya leseni.

Mpango wa fedha uoneshe kwamba kituo kitaishi bila matangazo ya biashara kwa miezi ya mwanzo. Gharama ambayo waombaji wengi huisahau ni umeme wa kituo cha kurushia. Transmita inakula umeme zaidi ya kile inachokitoa hewani, na kuna kiyoyozi, na jenereta, na mlinzi wa usiku. Kama unapanga nafasi kwenye multipleksi, malipo hayo ya kila mwezi yaonekane kama mstari wake peke yake, na kiasi kiwe kilekile kilichomo kwenye barua ya msambazaji. Barua ya benki iwe na tarehe ya karibuni na jina la mwombaji, si la mwanahisa.

Hatua ya saba: kuwasilisha

Kabla ya kupeleka, mpe faili mtu ambaye hajawahi kuliona. Mwambie atafute kila mahali palipoandikwa urefu, chaneli, nguvu, viwianishi na jina la kampuni, apigie mstari, na alinganishe. Siku moja ya kazi hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kurudishiwa faili.

Kama maombi ni ya mtandaoni, hifadhi nakala ya kila ukurasa uliojazwa kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, na hakikisha jina kwenye risiti ya malipo ni la mwombaji. Karatasi zikipelekwa kwa mkono, omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Baada ya hapo nchi nyingi hutangaza maombi ili umma utoe maoni au pingamizi. Pingamizi si matusi. Lijibu kwa hoja na viambatisho, ndani ya siku zilizotolewa.

Barua ya kuulizwa maswali ikija, jibu kila swali kwa namba yake na kwa mpangilio wake. Kama jibu linabadilisha namba yoyote, rekebisha karatasi mama kwanza, kisha kila ukurasa unaoguswa, kisha andika barua inayotaja kurasa zote zilizobadilika. Ukibadilisha ukurasa mmoja kimyakimya umezaa ugomvi mpya ndani ya faili.

Hatua ya nane: kibali cha kujenga si leseni ya kurusha

Mifumo mingi inagawanya ruhusa mara mbili. Kwanza unaruhusiwa kujenga, kisha, ukionyesha kwamba umejenga ulichoomba, unapewa leseni. Marekani kibali cha kujenga kituo hudumu miaka 3 na kikiisha kabla hujamaliza kinakufa chenyewe. Kituo kikishaanza majaribio ya vipindi, maombi ya leseni yenyewe yanatakiwa ndani ya siku 10.

Kwa hiyo siku ya kuwasha mtambo ni siku ya makaratasi pia. Pima upya viwianishi na urefu wa antena kama ilivyofungwa kweli, usinakili vya kwenye mpango. Pima nguvu inayokwenda na inayorudi kutoka antenani, usahihi wa masafa, ubora wa mawimbi, na mmwagiko nje ya chaneli ukilinganisha na aina ya kichujio uliyotaja. Zunguka na gari ukipima nguvu ya mawimbi kwenye maeneo yaliyoonyeshwa kwenye ramani ya usikivu, hasa nyuma ya vilima. Kila kipimo kiwe na namba ya chombo na tarehe ya mwisho ya kukisawazisha.

Ukikuta mafundi wamefunga antena mita 5 chini kwa sababu kulikuwa na kifaa cha mtu mwingine, sema. Wadhibiti wengine wana uvumilivu: Marekani, antena mpya ikikaa si zaidi ya mita 2 juu au mita 4 chini ya urefu ulioidhinishwa, inaweza kushughulikiwa kwenye maombi ya leseni. Nje ya hapo ni kibali kipya. Kwenye karatasi mama mstari huo uandikwe upya kama ulivyo mnarani.

Kwa wanaorusha kwa DVB-T2, kagua pia namba za utambulisho zilizotolewa na mamlaka: za mtandao, za mkondo, za kila kituo, na namba ya chaneli itakayoonekana kwenye king'amuzi cha mtazamaji. Zikikosewa, ving'amuzi vinaweza kukuchanganya na kituo kingine hata kama mawimbi ni safi. Mjulishe mdhibiti kwa maandishi tarehe uliyoanza.

Baada ya leseni kutoka

Isome leseni yenyewe siku hiyohiyo, namba kwa namba, ukiwa na karatasi mama mkononi. Wanaoichapa ni binadamu. Kosa likiripotiwa ndani ya wiki ya kwanza ni marekebisho ya kawaida. Likigunduliwa na mkaguzi baada ya mwaka, wewe ndiye unayerusha kinyume cha leseni.

Weka nakala ya leseni na karatasi mama kwenye chumba cha transmita, pamoja na daftari la kumbukumbu: saa za kuzimika, matengenezo, taa za mnara zilizoungua na lini zilibadilishwa. Badiliko lolote la antena, nguvu, mahali, jina la kampuni au mwanahisa mkubwa liulizie kabla ya kulifanya. Na siku unapoipokea leseni, hesabu nyuma kutoka tarehe ya kuisha kwake, weka alama ya mwaka mmoja kabla, na ya miezi sita kabla. Faili la kuhuisha hukaguliwa dhidi ya lile la kwanza, na wakati huo aliyelijaza huenda ameshahamia kazi nyingine. Aliyebaki atahitaji kujua mita 96 zilitoka wapi.